Kilo ya Unyaufu

Mwezi wa kumi na moja, Nanyamba, ghala la ushirika.
Vumbi la salfa bado limo kwenye mikunjo ya magunia
na mimi ndimi karani wa mizani,
niliyesoma falsafa miaka miwili Dar es Salaam,
ada ikakatika kabla sijaambiwa jibu.

Katibu Namkwacha hufundisha kwa ufupi:
"Kila gunia punguza kilo moja. Iite unyaufu.
Kilo hizo zikikusanywa, zahanati itaezekwa,
watoto mia tatu hawatanyeshewa wakidungwa sindano.
Nani atalia kwa kilo moja?
Haba na haba," akacheka, "hujaza kibaba."
Sikuuliza cha nani.

Siku ya kwanza mkono ulisita.
Siku ya nne haukusita.
Hilo ndilo lililonitisha, mkono.
Mama yangu alibangua korosho maisha yake yote,
mafuta ya ganda yakamla vidole hadi alama za dole zikafutika;
mashine ya kusajili laini ilimkataa mara tatu,
ikasema hayupo.
Huyo ndiye husema: usiniambie unaamini nini,
niambie mkono wako hufanya nini
ukiwa umechoka na taa imezimika.

Binti yangu Sikudhani, darasa la tano,
akifanya hesabu kwenye meza yangu ya stakabadhi:
"Baba, na makarani wote wakipunguza,
neno *kilo* litakuwa na kazi gani?"
Nikamwambia anywe uji.

Zamu ya usiku ni ya Chitanda,
aliyezika watoto wawili katika msimu mmoja.
"Hamna kitu, karani. Wema, ubaya,
ni lebo tu, kama daraja la kwanza na la pili.
Huko juu hakuna rejista. Tandika mkeka, lala."
Nilimpenda kwa maneno hayo. Yalinipa usingizi
hadi saa nane, nikashtuka:
kama hamna kitu, basi na zahanati si kitu,
na wizi wangu umebaki uchi,
hauna hata paa la kusingizia.

Ndipo mvua ya kwanza ikashuka bila hodi.
Magunia ya Bi Somoe yalikuwa nje, hayajapimwa.
Nilimwona Chitanda akikimbia peku,
turubai kichwani, ncha zake akazifunga
kwa shuka lake mwenyewe, akabaki anatetemeka.

Asubuhi nikamchokoza: "Hamna kitu, eh?"
"Turubai lilikuwa karibu," akasema,
akatema mate, akaenda kutafuta chai.

Nyuma ya stakabadhi iliyoharibika niliandika:

*Mizani haina mama, haina dini moyoni,*
*Ukiweka itasema, uzito ulio ndani,*
*Mwongo ni anayesoma, kalamu i mkononi,*
*Kilo moja imehama, iko*

Mwalimu wangu wa shairi angenicharaza kwa mstari huo.
Hesabu silabi, Mwalimu. Zimepungua
kama zilivyopungua kwenye daftari,
na mimi ndiye niliyezipunguza.

Bi Somoe akaja na gunia lake lenye unyevu kidogo.
Mshale ukayumba, ukatulia.
Nikasoma sitini na moja. Nikaandika sitini na moja.
Ngurumo haikupiga. Katibu aliinua macho,
akayashusha kwenye simu yake.
Bi Somoe hata hakujua kuwa kuna jambo;
alilalamikia foleni, akauliza choo kiko wapi.

Sasa nina kilo mia mbili na nane nyuma yangu,
za watu ambao majina yao ninayo
kwa mwandiko mzuri, mstari kwa mstari.
Kesho Namkwacha ataniita ofisini,
na sina nadharia ya kwenda nayo.
Nimefungua ukurasa wa kwanza.
Penseli ni butu.